Tusi Lililosimamisha Lori

Halima na Fatu, nyie ndio mliopokea kivuko changu cha watoto wa shule, na nyie ndio ninaowaandikia. Siku ile nilipowapa bendera mliniuliza, "Bibi, kazi hii inafanywaje?" Nikawajibu, "Simameni barabarani mtaona," nikaondoka zangu kwenda kulala. Haikuwa adabu. Sasa nimelala vya kutosha, nawajibu. Kusoma nilifundishwa ukubwani na mjukuu wangu Zuhura, kwa kipande cha mkaa na ukuta wa jiko, ndiyo maana herufi zangu kubwa kama nyumba. Mnivumilie. Mshahara sitautaja. Mnaujua, ni huo huo mliopewa nyie.

Mimi nimezaliwa Mandawa, upande wa Ruangwa. Mume wangu alipofariki nikamfuata binti yangu Asha na mumewe Mfaume hapa Nachingwea. Wakati huo Wazungu walikuwa wamekuja kulima karanga. Karanga! Sisi tumezilima tangu kwa bibi yake bibi yangu, kwa jembe la mkono, tukala, tukabakiza mbegu, wala hatukumwita mtu kuja kutazama. Wao walikuja na mashine ndefu kuliko msikiti. Wanafunga mnyororo kati ya mashine mbili, zinatembea sambamba, na msitu unalala chini kama mgonjwa. Siku ya kwanza kuusikia ule mlio nilidhani Kiyama kimefika, nikaenda kutawadha. Niliporudi nikakuta Asha anapepeta ufuta wake. "Mama," akasema, "ni Wazungu tu hao. Kaa ule."

Karanga zenyewe mnajua zilivyokwenda. Kilichoota vizuri ni barabara. Ilichongwa pana, nyekundu, imenyooka, ikapita katikati: huku makazi yetu, kule shule. Malori yalipita juu yake kama yanafukuzwa, na vumbi lake ukilimeza asubuhi hadi magharibi bado unalitema. Mfaume alipata kazi ya kupaka mashine grisi. Akirudi jioni anang'aa kama samaki wa kukaanga.

Zuhura alikuwa binti wa kwanza katika ukoo wetu kupelekwa shule. Mfaume hakutaka sana. Kisha siku moja lori likamkanyaga mbuzi wa jirani mbele ya watoto, na dereva hata hakugeuza shingo. Jioni Mfaume akasema neno lake. Nyie mnajua mkwe wa kwetu haongei na mama mkwe uso kwa uso. Tulikuwa uani sisi watatu, yeye kanipa mgongo, mimi nimempa mgongo, Asha katikati na mwiko wake.

"Mwambie mama yako," Mfaume akauambia ukuta, "siku lori litakapomgusa Zuhura hata ncha ya nguo, shule imekwisha. Atakaa nyumbani afundishwe kazi za wanawake."

"Mama, baba Zuhura anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mumeo halitamgusa."

"Mwambie mama yako atalizuia na nini?"

Nikasema ugali unaungua.

Kesho yake nikabeba ungo wangu wa mihogo ya kuchemsha, nikamshika Zuhura mkono, nikaenda kusimama kando ya barabara na watoto wengine. Tukangoja lori moja lipite, likaja la pili. Tukangoja la pili, likaja la tatu. Kengele ya shule ikalia, watoto wakaanza kurukaruka kama mbuzi wanaotaka kutoka zizini. Nikachoka. Nikaingia katikati ya barabara na ungo wangu kichwani. Lori lilikuwa linakuja, na nyuma ya kioo nikamwona dereva mweusi, mnene, kofia imekaa upande. Yule nilimjua. Alikuwa Komba, Mngoni wa Songea, huwa nakutana naye sokoni.

Sasa, mimi Mmwera, yeye Mngoni. Babu zake waliwahi kuja kutuvamia, wakatuua, wakatuchoma, baadaye yakaisha, tukawa watani. Mtani akikuita husemi huna nafasi. Nikajaza hewa kifuani.

"Weweee Mngoni! Babu yako alitembea toka Songea hadi kwetu kuiba ng'ombe, akafika akakuta hatuna hata mmoja, akarudi na muhogo! Simama nikupe wa kwako!"

Breki zililia hadi ndege wakaruka. Lori likasimama, vumbi likatupita, likatufunika wote. Lilipopungua nikamwona Komba keshashuka, mikono kiunoni.

"Na babu yako wewe," akasema, "alituona tu akapanda juu ya mti. Ameshashuka?"

"Alishuka akamwoa shangazi yako!"

"Ndiyo maana shangazi alikufa na njaa!"

Akachukua muhogo kwenye ungo wangu bila kuuliza wala kulipa, kama ilivyo haki ya mtani, akaumega. Mimi nikamvua kofia, nikaivaa. Tukaendelea kutukanana hapo katikati, utingo wake anacheka hadi ameshika tairi. Nami kwa mkono wa nyuma nikawa nawapungia watoto: haya, haya, vukeni. Wakavuka. Zuhura akavuka. Nikamrudishia Komba kofia yake.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Hakuna aliyeniajiri. Kila asubuhi niliteremka na mihogo, nikawatukana madereva mmoja mmoja. Wapo niliokosea. Kuna mmoja nilimwita Mngoni kumbe ni Mnyakyusa, akataka kunipeleka polisi. Hapo nikajua nahitaji mwalimu.

Mwalimu wangu alikuwa Bi Tabia, mwanamke wa Kiyao, ambaye kazi yake misibani ilikuwa kuwasema wafiwa mpaka wacheke. Alikuwa hana jino hata moja, na maneno yake yote yalikuwa na meno. Alinifundisha nani mtani wa nani: kwa huyu tumia vita, kwa yule tumia chakula, kwa Mmakonde mwambie habari ya chale zake. Dereva usiyemjua kabila, usimtukane kwanza. Muulize kama amekula. Mwanaume akiulizwa kama amekula hupunguza mwendo, awe wa kabila lolote. "Na usimtazame machoni," akasema Bi Tabia. "Tazama tairi la mbele. Huyo dereva anaweza kukuchekea huku tairi linakuja." Wasichana, hilo lishikeni kuliko bendera. Jingine: simameni pale barabara inapomaliza kupinda, dereva awaone mapema. Na usigeuze mgongo kumgombeza mtoto huku lori linakuja. Mgombeze baadaye, hatakimbilia mbali.

Mambo yalikwenda hivyo hadi ofisi ya mji ikajisikia vibaya. Nasikia mkubwa mmoja alipita, akakuta malori matatu yamesimama na bibi kizee amevaa kofia ya dereva, akauliza hii nini. Akaambiwa ni watoto wanaenda shule. Akasema haiwezekani, mji mzima hauna utaratibu. Wakamwajiri fundi wa njia kutoka mbali, kazi yake ni kutafuta namna watoto watakavyotembea. Mimi nilidhani wanatembea kwa miguu. Kumbe kuna elimu yake.

Fundi huyo sisi tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu popote alipokwenda alivuta kamba ya kupimia. Alikuwa mwekundu, mpole, ana kofia ngumu ya jua, nzuri sana, nyeupe. Akapewa mkalimani, Saidi, kijana wa Lindi, suruali yake imepigwa pasi hadi inakata. Bwana Kamba alituuliza kwa nini watoto wanatembea katikati ya barabara, hawatembei pembeni. Nikamwambia pembeni kuna umande, kuna upupu unaowasha na kuna nyoka. Akafurahi sana, akaandika. Akauliza malori yanasimamishwaje. Nikamwambia kwa utani. Saidi akatafsiri maneno mengi mno. Bwana Kamba akanitazama kwa huruma, hakuandika.

Baada ya wiki kadhaa tukaitwa barazani. Wazee wa kiume mbele kwenye viti, sisi wanawake nyuma kwenye mikeka. Bwana Kamba akatundika mchoro mkubwa. Watoto hawatavuka tena barabara kubwa, akasema. Itafyekwa njia mpya, iitwe Njia Salama. Itaanzia nyuma ya makazi, ishuke bondeni, ipite chini ya daraja la barabara, ipande kile kilima chenye miti mirefu, hadi shuleni. Hakuna lori litakalowaona, na mawe yaliyopakwa chokaa yatawaonyesha njia.

Alipogusa kilima kwa fimbo yake, nikaona shingo za wazee zimekakamaa zote kwa pamoja. Pale kilimani ndipo wavulana wetu wanapoingizwa jandoni kila baada ya mavuno. Kumbi, kile kibanda wanamokaa hadi wapone, linajengwa pale pale. Msimu ukifika, mwanamke hapiti, msichana hapiti, na mvulana ambaye hajatahiriwa akipita anabaki humo humo.

Lakini nani aseme? Wazee hawawezi kutaja mambo ya kumbi mbele ya wanawake. Sisi wanawake hatuwezi kusema tunajua kumbi liko wapi, maana tunatakiwa tusijue. Tunapeleka chakula hadi mwanzo wa njia yake miaka yote, lakini hatujui. Saidi ni wa Lindi mjini, hajui kweli. Mzee mmoja akakohoa, wa pili akamsaidia kukohoa.

"Kuna swali?" akauliza Saidi.

Kimya.

"Bwana anasema anafurahi kwamba mmekubali kwa moyo mmoja."

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu. Ninyi mngefanyaje?

Njia ikafyekwa, mawe yakapakwa chokaa na sisi wenyewe. Kupendeza yalipendeza. Tatizo, mawe yale yalikuwa saizi ile ya mafiga, na mvua ilikuwa imekaribia, na kila mwanamke hapa alikuwa na figa moja lililopasuka. Baada ya siku chache ukiingia jiko lolote unakuta mafiga matatu meupe, ugali unachemka juu yake. Bwana Kamba akapita akiyatafuta, akakaribishwa chakula nyumba nne, akala nyumba zote nne, hakuyaona. Akaagiza mengine. Tukamshukuru, maana majirani kutoka kijiji cha Matambarale walikuwa wameulizia.

Halafu, kwa kuwa njia ipo, ikatolewa amri kwamba hakuna dereva kusimama pale kwangu tena. Atakayesimama anaacha kazi. Komba aliyezoea kusimama aliondolewa kwenye lori na kupewa kumwendesha Bwana Kamba, ili awe chini ya macho yake. Mimi nikaambiwa nirudi nyumbani nikapumzike. Nikawa nauza mihogo kwa nzi.

Mavuno yakaisha. Asubuhi moja tukasikia ngoma kilimani, na ng'ambo ya bonde mtu kafunga jani la mgomba kuvuka Njia Salama, alama ambayo hakuna wa kwetu anayehitaji kuelezwa. Watoto walifika pale wakageuka kama maji yaliyokuta ukuta. Wakaja barabarani. Na malori hayasimami.

Siku ya kwanza walichelewa wote. Siku ya pili nguo ya Zuhura ilipigwa na upepo wa lori hadi akaanguka mtaroni, akachubuka magoti yote mawili. Hakuguswa. Lakini jioni Mfaume aliyatazama magoti, akageukia ukuta.

"Mwambie mama yako kesho ndiyo mwisho. Zuhura aende akamuage mwalimu."

Asha akanitazama. Zuhura alikuwa anaandika ukutani kwa mkaa, akaendelea kuandika, herufi zikazidi kuwa ndogo na ndogo hadi sikuweza kuzisoma.

Asubuhi nikaenda naye, pamoja na watoto wote. Sikubeba mihogo. Nikasimama katikati ya barabara, pale inapomaliza kupinda. Nikaona gari linakuja mbele ya malori, si lori, ni gari dogo la Bwana Kamba. Nyuma ya usukani ni Komba. Pembeni yake kofia nyeupe, nyuma Saidi. Nikatazama tairi. Lilikuwa linakuja.

"Weweee Mngoni!" nikapiga kelele. "Siku hizi unabeba Mzungu badala ya muhogo? Babu yako angekuona angelia! Alishindwa kuiba ng'ombe, wewe umeshindwa hata kusimama!"

Nilimwona Komba akiifinya midomo. Tairi likaja, likaja, likapunguza, likasimama karibu na vidole vyangu vya miguu. Akazima gari. Akateremsha kioo, akasema kwa sauti ndogo: "Babu yako ameshashuka mtini?"

Bwana Kamba akatoka mwekundu zaidi. Saidi akatoka nyuma yake, kashika suruali isishike vumbi.

"Bwana anauliza, Komba, kwa nini umesimama?"

"Mwambie nimeitwa na mtani wangu."

"Bwana anauliza mtani ni nini."

Komba akafikiri. "Ni adui aliyekwisha kusamehewa. Akikuita, unasimama. Hata ukifukuzwa kazi, unasimama."

Saidi akatafsiri, safari hii kwa maneno machache. Bwana Kamba akauliza jambo.

"Bibi, Bwana anauliza, basi yeye ni nani wako?"

Halima, Fatu, sikuwa nimelipanga. Lilikuja lenyewe. Nikasema: "Mwambie Wazungu walikuja hapa na bunduki, babu zetu wakapigana nao. Vita viliisha, sasa tumekaa pamoja tunatazama karanga zisizoota. Kwa hiyo na yeye ni mtani. Mtani mgeni, hata kiingilio hajalipa." Nikanyoosha mkono, nikamvua ile kofia nyeupe, nikaivaa mimi.

"Bibi!" Saidi akasema. "Mimi hilo siwezi kulitafsiri!"

"Usijisumbue, nimeshaivaa."

Malori yalikuwa yamepangana nyuma hadi kwenye kona. Hakuna hata moja lililopiga honi, maana nani atalipigia honi gari la Mzungu? Katika kimya kile nikapunga mkono wa nyuma, watoto wakavuka. Walitembea bila kukimbia, wakitazama kofia yangu, Zuhura mbele na magoti yake yaliyochubuka. Bwana Kamba aliwatazama wakivuka wote, hadi wa mwisho. Kichwa chake kilianza kuiva juani. Akasema neno moja kwa Saidi, akarudi garini.

"Amesemaje?"

"Anasema," Saidi akajibu, kama haamini, "kofia hiyo alipewa na mama yake."

"Mwambie anisalimie mama yake."

Katika lori la tatu, juu ya mapipa ya grisi, alikuwa amekaa Mfaume. Aliona kila kitu. Mchana kutwa sikula. Jioni uani akakaa kama kawaida, kanipa mgongo, akangoja Asha apakue.

"Mwambie mama yako," akauambia ukuta, "kofia inampendeza."

Asha akaangua kicheko, mwiko ukamponyoka. Kesho yake Zuhura alikwenda shule, na keshokutwa.

Komba hakufukuzwa, na ile amri ya kutosimama haikutajwa tena. Bwana Kamba aliondoka baada ya muda, na nasikia maelezo yake yalisifiwa sana kule yalikopelekwa. Yalisema kwamba baada ya uchunguzi wake mrefu ameona inafaa pale kwenye barabara asimame mwanamke mtu mzima mwenye bendera nyekundu. Ndivyo nilivyoajiriwa kazi niliyokuwa naifanya. Njia Salama nayo iliandikwa kuwa imekamilika.

Nikapewa bendera, nikaonywa nisiseme neno, niinue tu. Siku ya kwanza nikatii. Nikainua. Dereva akapunguza kidogo, akatoa kichwa dirishani, akauliza, "Mama, hicho kitambaa bei gani?" akapita zake. Tangu siku hiyo bendera niliiweka kwapani, nikarudi kwenye maneno. Mkubwa akipita naiinua, akipotea naishusha. Nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Karanga zikaachwa, mashine zikabaki zinapanda kutu, malori yakabaki: ya korosho, ya ufuta, ya mbao. Madereva walibadilika. Komba alirudi kwenye lori lake, na kila asubuhi alisimama, tukauliziana habari za babu zetu, akala muhogo wangu bure. Zuhura alisoma, akaenda mbali kusoma tena, akarudi mwaka huu akiwa mwalimu, katika shule ile ile. Wa kwanza kumsalimia siku aliyorudi ni Komba. Alisimamisha lori akapiga kelele, "Mwalimu, mwambie bibi yako ananidai babu, mimi namdai kofia ya Mzungu!"

Kisha Komba akaugua kifua, wala haikuchukua muda.

Siku ya maziko yake ilikuwa asubuhi ya shule. Jeneza lilitoka kwake, wanaume wanalibeba mbio mbio kama desturi, na njia ya makaburini inapita pale pale kwangu. Mtani anayo haki ya kulizuia jeneza. Niliposikia wanakuja, nikavaa ile kofia nyeupe, sasa imegeuka rangi ya udongo, nikaingia katikati ya barabara.

"Weweee Mngoni!" nikasema. "Unakwenda wapi na muhogo wangu tumboni? Simama hapo!"

Wakasimama. Upande wa pili Zuhura alikuwa na darasa lake limepanga mstari. Nikapunga mkono wa nyuma. Watoto wakavuka mbele ya jeneza, taratibu, mwalimu wao mbele. Mimi nikabaki nimesimama, nikingoja aniulize kama babu yangu ameshashuka mtini. Wabebaji walinivumilia. Watoto walishaingia darasani, mimi bado nangoja.

Mwishowe nikasogea pembeni, nikamwambia, "Haya, pita."

Nikavuka barabara nikiwa na bendera, nikawakuta nyie wawili mmesimama kivulini, wageni wa kazi, mnaniuliza, "Bibi, kazi hii inafanywaje?"